Kutoka Kaskazi hadi Kimbunga: Maumbile katika Utunzi wa Kiswahili

Fungua diwani ya mshairi yeyote wa pwani, wa zamani au wa juzi, na hutafika mbali kabla hujakuta chombo baharini, upepo uliogeuka au mti uliong'oka. Wasomaji wengi wamezoea kuyahesabu hayo kuwa mapambo ya lugha. Mimi nayaona kuwa kumbukumbu za kazi. Upepo, maji, moto na udongo viliingia katika tungo zetu kupitia mikono ya mabaharia, wavuvi, wakulima na watu wa vita. Kazi za watu zilipobadilika, na hofu zao zilipobadilika, maumbile nayo yakapewa kazi mpya ndani ya maandishi.

Pepo mbili na moto wa shambani

Kwa karne nyingi pwani yetu iliishi kwa pepo mbili. Upepo wa kaskazi ulianza kushika Novemba au Desemba na kudumu hadi Machi, ukileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Upepo wa kusi ulifuata baada ya masika na kuvirudisha vyombo hivyo makwao. Katikati palikuwa na tanga mbili, majira ambayo upepo hauna msimamo na nahodha hana uhakika. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 kwa ratiba hiyohiyo ya pepo, kama walivyofika wafanyabiashara wengi wasioandika kitabu. Aliyechelewa kutweka tanga alibaki miezi, na miezi hiyo ya kungoja ilizaa ndoa, biashara, na bila shaka masimulizi mengi barazani.

Wakazi wa pwani walihesabu pia mwaka wa jua, ulioanza siku ya Nairuzi. Mwaka huo uligawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha zikabaki siku tano za ziada. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, mvuvi akajua mwongo wa kutia dau majini. Juu ya hesabu hiyo mvuvi aliongeza hesabu ya mwezi, maana mwezi ndio unaoamuru bamvua na maji mafu. Hadi leo watu wa Makunduchi, kusini ya Unguja, huukaribisha mwaka kila Julai katika Mwaka Kogwa: wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba, wanawake huimba, na kibanda cha makuti huchomwa moto.

Moto wa shambani nao ulikuwa na tungo zake mahususi. Wabajuni wa pwani ya kaskazini ya Kenya, wakulima waliofyeka msitu na kuuchoma ili wapate shamba, walikuwa na vave: tungo ndefu zilizoimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuwasha. Fikiria hali yenyewe. Miti imelala chini, imekauka, kesho itatiwa moto, na upepo ukigeuka hakuna wa kuurudisha. Watu hawalali, wanaimba. Sijui aina nyingine ya ushairi wa Kiswahili iliyofungwa kwenye kazi kiasi hicho, na inasikitisha kwamba shule zetu zinafundisha vina na mizani mwaka baada ya mwaka bila kuitaja.

Katika simulizi za eneo hilohilo la Lamu na mlango wa Mto Tana ndimo alimo Fumo Liyongo, shujaa na mshairi ambaye wanahistoria bado wanabishana kuhusu karne yake. Utendi wa maisha yake tunaousoma leo ulitungwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Wengi wanaukumbuka mkate uliofichwa tupa, aliopelekewa gerezani na kijakazi Saada. Mimi hukaa zaidi kwenye mwisho wake. Mwanawe anamchoma sindano ya shaba kitovuni, naye anakwenda karibu na kisima, anapiga goti, anautia mshale upindeni, na roho inamtoka akiwa vilevile. Wenyeji wanamdhani yu hai. Hakuna anayethubutu kusogea kuteka maji, na mji mzima unakaa na kiu mpaka mama yake anapoombwa aende kumbembeleza. Mtunzi angeweza kumwua shujaa wake mahali popote. Alimweka kisimani kwa kuwa katika mji wa pwani, ambako maji ya bahari hayanyweki, kisima cha maji baridi ndicho uhai, na mwenye kukizuia ameushika mji mzima.

Pate inaanguka, 1728 hadi 1820

Karne ya 18 Pate ulikuwa mji wa watunzi. Bwana Mwengo wa Athumani alitunga humo Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ni ya mwaka 1728. Ulikuwa mji wa nyumba za mawe, wa vyombo vya kaure vilivyopangwa katika zidaka za ukutani, wa matajiri waliosafirisha bidhaa kwa pepo zile mbili. Halafu vita vya kugombea utawala na ushindani na majirani vikauchosha.

Pigo kubwa lilikuja karibu na mwaka 1812, ufukweni Shela. Majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yaliivamia Lamu yakashindwa vibaya. Masimulizi ya Lamu yanaeleza kwamba walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani, nao wakauawa hapohapo ufukweni. Baada ya ushindi huo watu wa Lamu, kwa kuhofia kisasi, walimwomba msaada Seyyid Said wa Oman, na mlango wa utawala wa Kiomani ukafunguka upande wa kaskazini ya pwani.

Katika miaka hiyo ya kushuka Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi, utenzi wa beti zisizofika 80 ambao kwa maoni yangu haujapata mshindani. Mshairi anausemesha moyo wake. Anauonyesha dunia kuwa bahari iliyochafuka, yenye miamba na hatari, na uhai kuwa taa iliyowekwa upeponi. Kisha anaingia ndani ya majumba ya waliokuwa matajiri. Katika zile zidaka za kaure sasa wamelala makinda ya ndege. Kumbi zilizojaa wageni zimebaki na wadudu na popo.

Hapa maumbile yamebadilishiwa wadhifa. Katika hesabu ya miongo maumbile yalikuwa ratiba ya kazi. Kwa Sayyid Abdalla yamekuwa shahidi wa anguko: jumba la mfanyabiashara limerudi kuwa pori. Na lazima tukumbuke wasikilizaji wake walikuwa nani. Walikuwa watu waliokwisha kukiona chombo kikivunjika mwambani kwa macho yao, wengine wakiwa na ndugu ndani yake. Mshairi hakuhitaji kuwaeleza bahari iliyochafuka ni nini, na ufupi wa beti zake unatokana na hilo.

Mombasa ya Muyaka, hadi 1840

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyezaliwa Mombasa katika robo ya mwisho ya karne ya 18 na kufariki karibu na mwaka 1840, aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, bandarini na kwenye baraza za siasa. Alikuwa upande wa Wamazrui walioitawala Mombasa, wakati Seyyid Said akiutaka mji huo kwa miaka mingi. Mwaka 1837 mji ukaanguka, na wakuu wa Kimazrui wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni.

Katika mazingira hayo neno la wazi lilikuwa na gharama, ndipo lugha ya ubaharia ikawa lugha ya siasa. Chombo kilikuwa mji, nahodha akawa mtawala, na mawimbi yakawa maadui. Muyaka hakuibuni njia hiyo peke yake. Iliandaliwa na mazungumzo ya kila siku ya watu waliojua kufua maji, kushika demani na kubisha dhidi ya upepo. Methali ya dau la mnyonge lisilokwenda joshi inaeleweka vizuri zaidi na aliyewahi kukaa katika dau dogo upepo ukiwa wa mbele, chombo kikisukumwa pembeni kila kinapojaribu kuupanda. Kazi ya fumbo ni kuyasema mambo mbele ya mwenye nguvu bila kumpa ushahidi, na bahari ilitoa mafumbo kwa wingi kuliko kitu kingine chochote mjini.

Tungo za Muyaka zilikaa vichwani mwa watu kwa miaka mingi. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mshairi wa Mombasa, alizikusanya, na kupitia kwa mmisionari W. E. Taylor nakala zikafika Uingereza. William Hichens alizichapisha mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kufariki. Bila Mwalimu Sikujua tungekuwa tunalitaja jina la Muyaka tu.

Maji ya Ngarambe, 1905 hadi 1969

Kusini mwa Tanganyika maji yalipata kazi nzito zaidi. Utawala wa Wajerumani ulikuwa umewalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa ujira wa kudhalilisha, juu ya kodi na viboko. Huko Ngarambe, jirani na Mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale alisimuliwa kuwa aliingia katika maji ya kina kirefu, akachukuliwa na mzimu uitwao Hongo, akaibuka nguo zake zikiwa kavu. Akagawa dawa ya maji aliyoahidi kwamba itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa mipamba shambani. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa, lakini vita vilikwisha kutapakaa, navyo viliendelea hadi 1907. Wajerumani walichoma vijiji na akiba za chakula. Makadirio ya waliokufa ni kuanzia 75,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa.

Makabila yaliyokuwa hayajawahi kupigana pamoja yaliunganishwa na imani juu ya kitu ambacho kila mtu anakijua. Kila kijiji kilikuwa na mto au kisima. Ujumbe uliobebwa na maji haukuhitaji mkalimani.

Abdul Karim bin Jamaliddini alivitungia vita hivyo utenzi kwa desturi ya watunzi wa pwani. Lakini aliyeugeuza msiba ule kuwa swali ni Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Tanzania ilikuwa imepata uhuru, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kikiwahoji wazee waliovikumbuka vita. Hussein aliyaweka maji jukwaani na kumwacha shujaa wake ahangaike nayo: anajua kuwa imani ya watu imekwisha kumpita uwezo, anajua kitakachotokea mbele ya bunduki, na anajua pia kwamba umoja ule usingepatikana kwa njia nyingine. Wanafunzi wengi huisoma tamthilia hii kama kisa cha ujasiri. Naona ujasiri wake mkubwa uko katika kukataa kuamua kama maji yalikuwa uongo au ukweli.

Karani wa forodha, 1926 hadi 1962

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926 akaitumikia hadi 1944. Kwa miaka hiyo yote alifanya kazi pwani, mahali mizigo inaposhuka na upepo unapoleta habari za ng'ambo. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na mtumishi wa serikali ya kikoloni asingeweza kuiandika serikali hiyo kwa jina lake.

Akaiweka angani. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi inayoelea hewani, na kesi ya Karama inaendeshwa kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema: mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe amerudi na maarifa, na kila mmoja ametupwa kifungoni. Ukiichora ramani ya safari hizo utaona mwandishi ameuzunguka ulimwengu wote na hakuacha upande hata mmoja. Ni dira ya nahodha, ila imeongezwa juu na chini. Kwangu hapa ndipo fumbo la Muyaka lilipoingia katika nathari: chombo kimekuwa nchi nzima, na bahari imekuwa anga.

Katika Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa baada ya kifo chake cha 1962, mwandishi huyohuyo alishuka kutoka angani hadi kwenye udongo. Utubora anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima bustani. Wapo waliokiona kitabu hicho kuwa chepesi. Lakini karani aliyeamua kwamba heshima ya mtu inaweza kutoka katika jembe alikuwa akisema jambo gumu, katika nchi ambayo wakati huo kijana aliyesoma alihesabiwa amefaulu siku alipolitupa jembe.

Gerezani, 1969 hadi 1973

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa na miaka 22 alipoandika kijikaratasi cha Kenya Twendapi? Alihukumiwa mwaka 1969 akafungwa miaka mitatu, muda mrefu akiwa peke yake. Aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mshairi.

Mfungwa hana bahari wala shamba. Anachobaki nacho ni kumbukumbu, na Abdilatif alichota humo. Yumo mamba anayejiona hashindiki. Umo mnazi unaogombewa na ndugu wawili, katika majibizano yaliyoitwa Mnazi: Vuta N'kuvute. Mmoja yuko juu ya mti anafaidi, mwingine yuko chini anadai haki yake, na wasomaji wa Kenya ya miaka ile hawakuhitaji kuambiwa mnazi huo ulikuwa nini. Lahaja ya Kimvita aliyoitumia iliufanya mti huo uwe wa nyumbani kwao hasa, si mti wa kitabuni.

Kisiwa cha Ukerewe, 1945 hadi 1981

Hadi hapo maumbile ya fasihi ya Kiswahili yalikuwa na chumvi. Kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria kiliibadilisha hali hiyo kwa mikono ya waandishi wawili.

Wa kwanza ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Alikamilisha riwaya yake kuu kwa Kikerewe mwaka 1945: kisa cha Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, waliokosa mtoto, na ukoo wao. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980 baada ya miaka 35 ya kungoja. Yeye akafariki mwaka uliofuata. Kurasa zake zimejaa mimea ya dawa, samaki, mvua na kilimo. Pombe ya ndizi anayotakiwa Myombekere kuwapelekea wakwe ili arudishiwe mkewe inaelezwa hatua kwa hatua, kana kwamba msomaji ataulizwa kuitengeneza kesho. Kitereza aliona maarifa ya wazee yakipotea, akaamua riwaya iwe ghala lake.

Wa pili ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944. Diwani yake Kichomi ya mwaka 1974 iliziacha kanuni za vina na mizani, na ugomvi uliozuka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko ulidumu miaka mingi. Katika kelele hizo jambo moja lilisahaulika. Kezilahabi alileta pia mandhari mpya: kijiji cha bara, ziwa lisilo na bamvua wala majahazi ya kaskazi, udongo wa mkulima. Mojawapo ya mashairi yake linaitwa Upepo wa Wakati, na upepo huo hauleti meli ya mtu yeyote. Nadhani umbo na mandhari vilikwenda pamoja. Vina na mizani vya pwani vilikua pamoja na mahadhi ya watu wa pwani. Kijana wa ziwani aliyesikia mahadhi mengine alikuwa na sababu ya kutafuta umbo jingine.

Fundi wa Lamu na mvuvi wa Tumbatu, 1979 hadi 2021

Pwani nayo haikunyamaza. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyezaliwa 1927, alitoa Sambo ya Kiwandeo mwaka 1979, utenzi unaoeleza jinsi jahazi la Lamu linavyoundwa, na Umbuji wa Mnazi mwaka 1985, unaousifu na kuueleza mnazi. Miaka hiyo mashine zilikuwa zimeanza kuyasukuma majahazi pembeni, na vijana waliotofautisha kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi walikuwa wakipungua. Nabhany alifanya Lamu alichofanya Kitereza Ukerewe, kwa beti. Tangu alipofariki mwaka 2017, anayetaka kujua sehemu za jahazi la zamani anaweza kuzipata ndani ya shairi.

Haji Gora Haji alizaliwa Tumbatu mwaka 1933, akavua samaki na kufanya kazi ya ubaharia kabla ya kujulikana kwa maandishi. Visiwani kumbukumbu ya dhoruba ni ndefu: Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuivuruga biashara yote, huku Pemba ikisalimika. Diwani yake Kimbunga ilichapishwa mwaka 1994, miaka miwili baada ya Tanzania kurudi kwenye mfumo wa vyama vingi, na shairi lililoipa jina linasimulia dhoruba iliyong'oa mibuyu. Kila msomaji wa Zanzibar amelisoma kwa siasa zake, na mtunzi hakumnyang'anya yeyote ruhusa hiyo. Mibuyu yake, hata hivyo, ni mibuyu kweli, yenye mizizi na uzito, iliyoandikwa na mtu aliyejua chombo hufanywaje upepo unapogeuka ghafla. Haji Gora alifariki mwaka 2021, na shairi hilo bado linabishaniwa Unguja na Pemba.